Suruali ya mteja: kuilegeza au kuipoteza?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Birere, Goma. Mimi ni fundi wa nguo. Siku hizi napata wateja wengi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka huko Rwanda, na vijana wao Kifaransa hawakitaki tena, ni Kiingereza tu. Mama mmoja aliniletea koti, akaniambia "undo it". Nikafumua mshono wa mgongo. Alipiga kelele! Kumbe alitaka nifungue vifungo nione bitana. Mwingine nilimwandikia kwenye WhatsApp "I will loose your trousers", akaja mbio kuichukua suruali yake. Nieleze basi: kufungua kifungo, zipu, kamba, mshono, Waingereza wanasemaje? Na kile kidude cha kukatia nyuzi za mshono kinaitwaje? – Mama Fundi, Birere

JIBU: Mama Fundi, pole, ila yule mama wa koti naye alikosea. Mtu hamwambii fundi wa nguo "undo it" halafu akanyamaza. "Undo" hufungua karibu kila kitu: kifungo, zipu, fundo, kamba ya kiatu na huo mshono wako. Hata kwenye kompyuta, ukitaka kufuta ulichofanya sasa hivi, amri ni hiyo hiyo. Siku nyingine uliza: "The buttons or the seam?" Hakuna atakayekasirika.

Ukitaka neno lisilo na utata, chukua jina la kifungio chenyewe uweke un- mbele yake. Button, unbutton. Zip, unzip. Hook, unhook. Pin, unpin. Chuma cha mkaba wa kiunoni ni buckle, basi kuufungua mkaba ni unbuckle. Kamba iliyopigwa fundo ni untie. Sisi tunaligeuza neno mkiani: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, bandika, bandua. Mwingereza hugeuzia kichwani, sawa na Mfaransa na dé- yake, kwa hiyo wewe uliyesoma déboutonner na dévisser shuleni hutapata shida na unbutton na unscrew.

Shida iko kwenye découdre, yaani kufumua mshono. Ukifuata njia hiyo utasema "unsew", na mteja atakuelewa, lakini atajua hujazoea. Mwingereza akifumua mshono husema unpick. Mmarekani husema take out the stitches, au rip out. Hilo la mwisho lisikutishe: rip ni kuchana, lakini anazungumzia nyuzi, kitambaa kibaki kizima.

Sasa suruali. Hapa kuna maneno matatu yanayogombana. Loose, kwa sauti ya s mwishoni, ni hali: "these trousers are loose", zinapwaya. Lose, kwa sauti ya z, ni kupoteza. Waingereza wenyewe huyachanganya wakiandika, ndiyo maana mteja wako alisoma loose akaelewa lose: fundi anamtangazia kwamba ataipoteza suruali yake! Mimi pia ningekuja mbio. Kulegeza ni loosen, na hilo halifungui kitu. Linapunguza tu kukaza. Wanafunzi wangu wa jioni hapa Kadutu, Bukavu, wale wa gereji, hawasumbuki nalo. Kabla ya kuinua gari kwa jeki wanalegeza nati za gurudumu likiwa bado limekanyaga chini: wana-loosen. Likishainuliwa ndipo wanazitoa kabisa: wana-unscrew. Tai ya shingoni nayo vivyo hivyo: "loosen your tie" bado umeivaa, "undo your tie" inaning'inia pande mbili.

Lakini kwa kazi yako hata loosen si neno lenyewe. Kupanua kiuno cha suruali ni let out: "I will let out the waist." Kukipunguza ni take in. Kurefusha kwa kushusha pindo ni let down the hem. Hayo matatu yaandike ukutani karibu na cherehani, utayatumia kila siku kuliko unhook.

Jambo moja la chumba cha kupimia, nalo ni la heshima. "Unbutton your jacket" haimwambii mtu avue. Anafungua vifungo, koti libaki mwilini. Kuvua ni take off. Ukiyachanganya mbele ya mzee aliyekuja kupimwa suti ya harusi ya binti yake, utaeleza mpaka jioni.

Tena ukisikia shati liko "unbuttoned", usiulize nani kalifungua. Huenda halikufungwa tangu asubuhi. Sisi tuna "halijafungwa" na "limefunguliwa", Kiingereza kinabeba yote mawili kwa neno moja. Sababu ni kwamba kuna un- mbili: ya kukanusha, kama kwenye unhappy, na ya kutengua, ambayo ni ndugu wa ent- ya Kijerumani. Zilikuwa tofauti zamani, zikaja kufanana sura. Na kuna ravel na unravel, zote mbili zinaweza kumaanisha kufumuka kwa uzi. Hiyo usiniulize mantiki yake.

Kidude chako, Mwingereza hukiita unpicker, Mmarekani seam ripper. Ukiagiza Kampala taja yote mawili, na utume na picha.