Maswali Yenu: Umeme wa Rufiji Usimwagike Njiani

Barua za toleo hili zimekuja na swali moja kwa sura nyingi: umeme wa maji tumeupata, mbona shida hazijaisha? Tumechagua nne. Mbili zimejibiwa kwa urefu kwa sababu ndizo zenye nyama.

Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina megawati 2,115. Hapa kwetu umeme bado unakatika, na jioni taa zinafifia. Unaishia wapi? – Mama Asha, Tabata

Mama Asha, mtaa wenu ukizimika na wa ng'ambo ya barabara unawaka, bwawa halihusiki. Hapo kuna fyuzi ya transfoma iliyokatika, kiungo kilicholegea au waya ulioguswa na tawi. Taa kufifia jioni ni dalili ya nyumba iliyo mwisho wa waya mrefu, na transfoma iliyofungwa zamani kuhudumia nyumba chache sasa inabeba mafriji na viyoyozi vya mtaa mzima.

Lakini ni kweli pia kwamba umeme mwingine hugeuka joto njiani. Bwawa lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Tuchukue mmoja tu, tuusafirishe kilomita 100 kwenye laini ambayo kila waya wake una ukinzani wa omu 7. Kwa msongo (yaani volti) wa kilovolti 220 mkondo ni kama ampea 617, na megawati 8 hivi zinapotea. Kwa kilovolti 400 mkondo unashuka hadi ampea 339 na upotevu ni megawati 2.4. Waya ni ule ule, umeme ni ule ule. Ndiyo maana umeme wa Rufiji unapandishwa hadi kilovolti 400 kabla ya kwenda Chalinze.

Upotevu hauendi sambamba na mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, upotevu ni mara nne. Na megawati zilizogeuka joto lazima zifidiwe, mara nyingi na mitambo ya gesi kama ile ya Ubungo na Kinyerezi. Hapo ndipo waya uliozidiwa unapogeuka suala la moshi.

Kwa wenye viwanda na mashine za kusaga: mota zenye pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) ya 0.85 zinavuta mkondo zaidi ya asilimia 17 juu ya unaohitajika, na upotevu kwenye waya unapanda kwa asilimia 38. Kapasita zilizofungwa karibu na mota zinatibu hilo. Zisizidishwe, maana mzigo ukipungua usiku volti itapanda na kuunguza vifaa.

Nasoma ufundi umeme. Nimesikia swichi za vituo vikubwa zina gesi ya SF6 iliyo mbaya kwa tabianchi kuliko moshi wa magari. Ni kweli, na inabadilishwaje? – Mwanafunzi, Kinondoni

Ni kweli, kijana wetu. Kilo moja ya SF6 ikitoka hewani inapasha dunia joto, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na tani 24 hivi za kaboni dayoksaidi. Haina rangi wala harufu, haiwaki, na inazima cheche ya umeme vizuri mno. Sifa hizo ndizo zilizofanya ipendwe kwa miaka mingi.

Chukua chumba kimoja cha swichi chenye kilo 40. Kikivuja nusu asilimia kwa mwaka, gramu 200 zinatoka, sawa na karibu tani 5 za kaboni dayoksaidi. Kikivuja asilimia 5, ni karibu tani 50, na swichi inaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kitu.

Kosa la kwanza la fundi mgeni ni kusoma geji ya kawaida. Gesi iliyo na presha ya baa 6 kwenye nyuzi 20 itaonyesha kama baa 6.3 kwenye nyuzi 35, bila gramu moja kuongezwa. Ukisoma adhuhuri ya Januari hapa Dar, gesi iliyopungua kwa asilimia 5 itaonekana kamili. Tumia geji ya msongamano inayojirekebisha kwa joto. Huwa ina hatua mbili: ya kwanza inatoa onyo, ya pili inafunga swichi isifanye kazi kabisa, kwa sababu kuifungua ikiwa na gesi haba kunaweza kuipasua.

Kosa la pili ni baya zaidi: onyo limelia, mtu anaongeza gesi, anaondoka. Miezi 4 baadaye linalia tena. Kila unapoongeza, pima mtungi kwa mizani kabla na baada, andika uzito na tarehe. Daftari hilo ndilo litakalokuambia chumba kipi kinavuja. Kisha tafuta tundu: kifaa cha kunusa gesi kwanza, halafu povu la sabuni kwenye maungio, vali ya geji na mashina ya vikombe, yaani vishikizo vya waya vinavyozuia umeme usipite. Pwani tunaponzwa na chumvi. Bolti ya chuma kwenye ungio la aluminiamu inaanzisha kutu chini ya oringi, na oringi mpya juu ya uso ulioliwa haitaziba. Uso usuguliwe, upakwe grisi inayotakiwa, bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa mpangilio wa msalaba.

Ukilazimika kufungua chumba, gesi haiachiwi hewani. Inavutwa kwa mashine hadi presha iliyobaki iwe chini ya milibaa 20, inarudishwa mtungini, ndipo chumba kinajazwa hewa kavu na kufunguliwa. Ukikuta unga mweupe ndani, usiuguse: ni mabaki ya cheche, na ukikutana na unyevu unatoa asidi inayokula ngozi na mapafu. Vaa glavu, miwani na barakoa yenye kichujio cha asidi. Na kumbuka SF6 ni nzito mara 5 kuliko hewa, hivyo inalala kwenye mitaro ya nyaya kama maji. Pima oksijeni kabla ya kushuka. Ikiwa chini ya asilimia 19.5, usishuke. Kabla ya kujaza tena, vuta hewa hadi chini ya milibaa 1, funga vali na subiri. Sindano ya geji ikipanda, kuna unyevu au tundu.

Mbadala upo wa aina mbili. Ya kwanza ni hewa kavu iliyosafishwa, na kazi ya kuzima cheche inafanywa ndani ya chupa isiyo na hewa kabisa. Teknolojia hiyo tayari inapatikana hadi kilovolti 145, yaani inatosha kwa laini zetu za 132. Gharama yake ni ukubwa, kwani hewa haizuii umeme kwa nguvu ya SF6, hivyo presha inapandishwa au tanki linanenepa. Ya pili ni kaboni dayoksaidi na oksijeni zilizochanganywa na fluoronitrili kidogo. Madhara yake kwa tabianchi ni chini ya asilimia 2 ya yale ya SF6. Mchanganyiko huo ulitumika kwenye msongo wa kilovolti 400 kituo cha Sellindge, Uingereza, mwaka 2017. Doa lake ni kwamba fluoronitrili ni jamaa wa kemikali zisizooza, na 3M, kampuni iliyoitengeneza, ilitangaza mwaka 2022 kuachana na kemikali za ukoo huo.

Umoja wa Ulaya umekataza swichi mpya za gesi za namna hii kwa msongo usiozidi kilovolti 24 tangu Januari 2026. Za kilovolti 52 hadi 145 zinafuata 2028, na zaidi ya hapo 2032. Maoni yetu: kwa kituo kipya cha 132, andikeni kwenye zabuni kwamba hewa kavu ndiyo inayotakiwa. Swichi inaishi miaka 40, na kuinunua leo ikiwa na SF6 ni kujinunulia usumbufu wa kutafuta gesi na vipuri uzeeni mwake. Swichi za zamani zilizo nzima ziachwe, zizibwe vizuri. Msijaribu kubadili gesi ndani ya tanki la zamani bila mtengenezaji.

Laini kubwa inapita nyuma ya nyumba zetu na nyumba zimeubana mkuza, ile njia inayoachwa wazi chini ya laini. Inawezekana kuongeza umeme bila kubomoa? – Mjumbe wa mtaa, Kimara

Inawezekana, kwa njia mbili, na zote zina masharti.

Kinachozuia waya kubeba zaidi ni joto. Unapopata moto unarefuka na tumbo lake, yaani sehemu inayoning'inia katikati ya minara, linashuka. Kati ya minara iliyoachana mita 300, tumbo likiwa la mita 8, waya ukirefuka sentimita 32 tu linashuka hadi mita 10. Mita 2 hizo ndizo zinazogusa mwembe au paa la bati.

Njia ya kwanza ni kubadili waya na kuacha minara. Waya wa kawaida una kiini cha chuma. Mpya una kiini cha nyuzi za kaboni, kinachorefuka kama moja ya saba ya chuma kwa joto lile lile. Aluminiamu yake imekatwa umbo la kabari badala ya duara, hivyo kwenye unene ule ule inaingia nyingi zaidi. Inavumilia hadi nyuzi 180, ingawa hilo lisimdanganye mtu: kutoka nyuzi 75 hadi 180 ukinzani unapanda kwa theluthi moja hivi. Nyuzi 180 ziwe za dharura. Faida ya kupunguza upotevu na moshi iko kwenye kuuendesha waya ukiwa wa vuguvugu.

Kazi huharibikia kwenye kuvuta. Kiini cha kaboni hakikunjwi. Puli ndogo, kona kali au mtu kukanyaga waya vinaweza kukivunja ndani bila alama nje. Aluminiamu inashikilia, kazi inapokelewa, na miezi kadhaa baadaye waya unadondoka. Kishikio cha mwisho nacho ni cha kabari maalumu. Kile cha kubana chuma kitakiponda kiini. Na rilei, vifaa vinavyozima laini ikizidiwa, zisisahaulike: zikibaki na mpangilio wa zamani, laini mpya itajizima kwa kudhani imezidiwa.

Njia ya pili ni nafuu: vipimo kwenye laini vinavyosoma upepo, joto na urefu wa tumbo, kisha mwongozaji wa gridi anajua waya unaweza kubeba kiasi gani saa hiyo. Hesabu za kawaida hukadiria upepo mdogo sana, mita 0.6 kwa sekunde. Kusi na kaskazi huvuma zaidi ya hapo. Ila upepo ukienda sambamba na laini unapoza kama asilimia 40 tu ya ule unaoikata, na mchana wenye upepo wa bahari sio wakati wetu wa shida. Jiji linavuta umeme saa 1 hadi saa 4 usiku, upepo ukiwa umelala. Atakayewauzia vipimo hivi kama dawa ya jioni, mwombeni takwimu za saa 2 usiku.

Alfajiri vikombe vya laini karibu na ufukwe vinalia na kutoa mwanga wa zambarau. Ni hatari? – Msomaji, Kigamboni

Ni chumvi iliyolowa umande. Kiangazi inajikusanya, umande au manyunyu yanaifanya ipitishe umeme juu ya kikombe. Mvua kubwa ndiyo inayoisafisha. Kwa ufukweni, laini ya 132 inahitaji njia ya mita 4.5 hivi juu ya uso wa kikombe, ikihesabiwa milimita 31 kwa kila kilovolti ya msongo wa juu kabisa, 145. Vikombe vya mpira wa silikoni vinafaa zaidi kuliko vya kauri kwa sababu maji yanabaki matone, hayatandazi. Mpira ukichanika, unyevu unafika kwenye fimbo ya ndani na kikombe kinakatika ghafla. Mlio hafifu wa alfajiri unaoisha jua likitoka unaweza kusubiri ukaguzi. Ukiendelea mchana, au ukiona cheche ndefu, toeni taarifa siku hiyo hiyo mkitaja namba iliyoandikwa kwenye mnara, na msifunge mbuzi chini yake.