Uzito Una Miezi Yake

Mhariri, swali lenu la wiki ni hili: mtu anayejiandaa kwa triathloni ajiwekee lengo la kupunguza uzito, au ayaache mazoezi yenyewe yafanye kazi hiyo? Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza niliishia na ufa kwenye mfupa wa mguu, na siku ya mashindano nilikuwa nimekaa nyumbani, mguu juu ya kiti. Mara ya pili nilimaliza. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, lengo liwepo, lakini liwe na miezi yake, na miezi hiyo iishe kabla mazoezi hayajapamba moto.

Kwa ambaye hajaujua mchezo huu: ni kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia, bila kupumzika katikati. Umbali nilioandikisha ni ule wa Olimpiki, ulioonekana kwenye Michezo ya Sydney mwaka 2000: mita 1,500 majini, kilomita 40 kwa baiskeli na kilomita 10 kwa miguu. Upo mfupi wa nusu yake, na anayeanza ningemshauri aanze na huo.

Naishi Likoni, Mombasa, na kazi yangu iko kwenye duka la dawa upande wa mjini, kwa hiyo feri ndiyo njia yangu ya kila siku. Pale watu wanapoteremkia feri alikuwa akikaa mzee mmoja na mizani yake juu ya kipande cha katoni, shilingi 20 kujipima. Dukani tunayo mizani, tena nzuri, lakini sikutaka wenzangu waone. Nikavua viatu, nikapanda. Sindano ikatetemeka, ikatulia kwenye 78. Urefu wangu ni sentimita 162. Mamangu ana kisukari, dada yake pia, na presha yangu ilishaanza kupanda. Sababu ya kupungua nilikuwa nayo, wala haikuwa ya urembo.

Mashindano yalikuwa baada ya wiki 20. Nikaandika kwenye daftari: kilo 66 siku ya mashindano. Ukigawanya ni gramu 600 kwa wiki, na kwa mtu wa kilo 78 hicho si kiwango cha kutisha. Ushauri wa kawaida ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Kosa lilikuwa tarehe. Niliufunga uzito na siku ya mashindano kwa kamba moja, hivyo wiki ambazo mwili ulihitaji chakula kuliko zote ndizo wiki ambazo mizani ilinidai zaidi.

Wiki mbili za kwanza zilitoka kilo tatu, nikajiona nimeshafika. Sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wali na chapati ghafla, akiba inaliwa na maji yake yanatoka. Ukila pilau ya harusi moja, yanarudi. Mafuta ya mwili hayaendi kwa kasi hiyo: kilo moja ina takriban kalori 7,700, na hizo haziishi kwa jioni mbili za kukimbia. Jasho nalo hudanganya. Kwa joto letu la Pwani mtu anaweza kutoa lita moja au zaidi kwa saa, na lita moja ni kilo moja, ambayo ni lazima uinywe tena. (Dafu ni zuri lakini lina sodiamu kidogo; baada ya mazoezi marefu kula na kitu cha chumvi.) Mzee wa mizani alikuwa akiyajua haya kwa kuona watu tu. Siku moja nilijipima asubuhi, jioni nikapanda tena, nikakuta nimezidi kilo moja na nusu. Nikasonya. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni chai na maji na chakula cha mchana. Njoo Jumamosi kwa Jumamosi, saa ile ile." Ningemsikiliza.

Kufikia wiki ya tisa nilikuwa 72. Hapo ndipo kocha alipoongeza mazoezi: kuogelea mara mbili kwa wiki kwa kufuata maji kujaa, kukimbia mara tatu, na Jumapili baiskeli kutoka Likoni hadi Ukunda na kurudi, karibu kilomita 60. Mizani ikasimama. Misuli inayojijenga baada ya kazi mpya hushika maji, jambo la kawaida kabisa, lakini mimi niliona nimezembea. Nikakata chakula cha usiku. Kisha nikakata mahamri ya asubuhi. Jumapili nikawa natoka na chai ya rangi peke yake, nikiamini kwamba tumbo tupu litayayeyusha mafuta upesi.

Jumapili moja wakati wa kurudi, tukiwa tumeshapita Tiwi, mikono ilianza kunitetemeka kwenye usukani. Jua lilikuwa kali na mimi nahisi baridi. Kibao cha barabarani cha Waa nimekipita tangu utotoni, na siku hiyo nilikitazama nisiweze kukisoma. Nikashuka. Mama mmoja alikuwa akikaanga viazi karai kando ya barabara. Alivuta ndoo, akaigeuza, akanikalisha. "Kula kwanza mwanangu, maneno baadaye." Nilikula viazi saba na ukwaju wake, nikanywa dafu, mafuta yakanitiririka mpaka kwenye glavu, na baada ya robo saa hivi herufi za kile kibao zikarudi mahali pake. Nilipotaka kulipa alihesabu viazi vitano tu.

Ile ilikuwa akiba ya wanga kwisha na sukari ya damu kushuka. Mazoezi yakizidi saa moja na ushee mwili hutaka wanga njiani, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi moja kubwa, au tende ndogo tano, ni kama gramu 30. Huko si kuharibu lengo la uzito. Ukishindwa kukanyaga baiskeli kilomita 12 za mwisho, hukuchoma chochote, na ukifika nyumbani utakula kilichopo na kisichokuwapo.

Ningesimama hapo ningepona na mengi. Sikusimama. Wiki ya 14 muundi wa kulia ukaanza kuuma, kwanza nikikimbia, baadaye hata nikipanda ngazi, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba. Eksrei haikuonyesha kitu, na ufa wa aina hii mwanzoni mara nyingi hauonekani kwenye eksrei. Muuguzi aliyekuwa akiniandikia faili ndiye aliyeuliza swali ambalo kocha hakuniuliza wala wenzangu wa mazoezi: "Dada, hedhi yako ya mwisho lini?" Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Miezi mitatu. Nilikuwa nimeichukulia kama nafuu, maana siku za kuogelea hakuna cha kuwaza. Akaweka kalamu chini. "Na chakula cha usiku unakula?"

Walinipima mimba, wakanipima tezi ya shingo, kote hakuna kitu. Daktari akanieleza. Mwili ukipewa chakula kisichotosha kazi unayoutuma, hauendi moja kwa moja kwenye mafuta ukayamaliza. Unafunga huduma moja baada ya nyingine: hedhi, ujenzi wa mifupa, kinga, usingizi. Zamani waliuita utatu wa mwanamichezo wa kike: chakula pungufu, hedhi kukatika, mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilileta jina pana zaidi, lenye maana ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo, kwa sababu wanaume nao hupatwa: homoni za kiume hushuka, hamu ya tendo hupotea, majeraha hayaponi. Na si lazima uwe mwembamba ndipo ukupate. Mimi nilikuwa na kilo 69, na watu kwenye feri walikuwa wakinisifu.

Nilikaa wiki nane bila kukimbia hata hatua moja. Mashindano yakapita. Nilikula mara tatu kwa siku na kitu katikati, na hedhi ilirudi mwezi wa tatu wa kula hivyo. Niliposikia tumbo linauma kama zamani nilimpigia mamangu simu kumwambia, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mwaka uliofuata nilianza Januari kwa mashindano ya Septemba, na safari hii nilizitenganisha kalenda mbili. Januari hadi mwisho wa Aprili ndiyo miezi ya uzito. Mazoezi yalikuwa mepesi: kujifunza kupumua vizuri majini, kutembea kwa kasi, baiskeli ya saa moja. Kwa mazoezi kama hayo mwili unaweza kuvumilia upungufu mdogo wa chakula, kalori 300 hadi 500 kwa siku. Nilizitoa kwenye vitu nisivyovihitaji: vijiko vinne vya sukari kwenye kila kikombe cha chai, soda ya mchana dukani, chapati ya pili, tui zito la kwanza ambalo nilikuwa natia hata kwenye mchicha. Sikutoa chakula cha kabla wala cha baada ya mazoezi. Nikaongeza protini, karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, yaani dagaa, mayai, kunde, maharage na samaki kila siku, ili kinachopungua kiwe mafuta na misuli ibaki. Nilijipima Jumamosi kwa Jumamosi. Wiki ikitoka zaidi ya kilo moja, niliongeza chakula, na hilo lilikuwa gumu kuliko kupunguza. Kila mwezi nilijipima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani. Mara mbili mizani ilisimama wiki tatu nzima na tepu ikashuka sentimita mbili, na laiti ningekuwa na mizani peke yake ningerudia ya Waa.

Ramadhani iliangukia humo humo. Sikuhesabu chochote mwezi ule. Nilitembea kidogo kabla ya magharibi, nikafuturu, nikalala. Uzito ulibaki ulipokuwa, na hiyo ilitosha.

Mwisho wa Aprili nilikuwa 71 kutoka 77. Mei mosi nikaacha kupita kwa mzee. Daftari likapata malengo mengine: mita 1,500 bila kusimama, kilomita 40 chini ya saa moja na dakika 50, kulala saa saba. Tarehe za hedhi nikaziandika ukurasa mmoja na kilomita, ili nikizikosa nizione.

Niseme pia kwamba uzito hauna nguvu sawa katika kila mchezo wa hii mitatu. Kukimbia ndiko kunakonufaika zaidi, kwa magoti na kwa mwendo. Baiskeli humwadhibu mzito kwenye mlima, na barabara yetu ya kusini haina mlima wa maana. Kinachokuzuia huku ni upepo, na kusi ikivuma Julai utaujua. Majini kilo zangu zilinisaidia kuelea. Mtu anayeua mazoezi yake ya kuogelea kwa njaa ili apunguze kilo mbili za kuvukia barabara tambarare anatoa kingi kupata kidogo.

Na kwa kuwa kazi yangu ni dawa: kila wiki anakuja mtu dukani akitaka vidonge vya kupunguza tumbo upesi, wengine wakitaja vya kukojoza au vya kuharisha. Vinatoa maji, havitoi mafuta. Kwa mtu anayetoka jasho juani vinaweza kuvuruga chumvi za mwili hadi mapigo ya moyo. Siwauzii, na ninawaomba wakae tuongee. Anayetumia insulini au dawa za presha asibadilishe chakula na mazoezi kwa pamoja bila daktari wake kujua, na anayenyonyesha au aliyewahi kujinyima chakula mpaka akaugua asianze na mizani hata kidogo.

Nilimaliza kwa saa 3 na dakika 47. Asubuhi ile nilikula mahamri matatu na mbaazi saa tatu kabla ya kuingia majini, nikabeba tende kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, na kwenye kilomita ya nane ya kukimbia miguu ilikuwa mizito ila kichwa kilikuwa kinasoma kila kibao. Uzito wangu siku hiyo sikuujua.

Wiki mbili baadaye nilipita kwa mzee, nikavua viatu. Sindano ikatulia kwenye 70. Akaniuliza kama aniandikie kwenye karatasi kama zamani, nikamwambia aandike. Karatasi hiyo nimeibandika kwenye daftari jipya, ukurasa wa Januari. Nataka kupunguza kilo tatu nyingine, na nitaanza mwezi huo.