Jibu: Kwa nini artesuneti inaisha kabla ya mzigo mwingine kufika?

Ndugu, umeuliza kwa nini sindano za artesuneti, dawa ya malaria kali, kwenye kituo chenu cha daraja la nne zinaisha wakati mzigo wa NMS, bohari ya dawa ya taifa ya Uganda, huja kila baada ya miezi miwili. Mara nyingi tatizo haliko stoo, liko wodini.

Anza na mafaili. Angalia ni wangapi waliochomwa huku wanakunywa chai vizuri. Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya mseto. Sindano ni ya malaria kali au mgonjwa anayetapika kila kitu.

Kisha dozi. Mtoto chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, wengine 2.4: mara anapopokelewa, saa ya 12, ya 24. Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 42. Kichupa cha miligramu 60 ukishakiyeyusha kwa mililita 1 ya baikaboneti, ongeza 5 za maji ya chumvi kwa mshipa, unavuta mililita 4.2. Kwa msuli ongeza 2 tu, unavuta 2.1. Hapo ndipo watu hukosea: wanachanganya kwa msuli, wanavuta kipimo cha mshipa. Na dawa iliyochanganywa haikai zaidi ya saa moja, kwa hiyo mizani iwe kando ya kitanda, si kukisia.

Baada ya sindano tatu, akiweza kumeza, mpe mseto kamili wa siku tatu. Kuendelea kuchoma hadi siku ya tano "apate nguvu" ndiko kunakokomba stoo.