Kuruti, andika kwenye OB (kitabu cha matukio cha kituo)

Kila mara mkitoka chuo cha polisi cha Kiganjo mnaniuliza cheo kinapandwaje. Leo niwaambie kinavyoshuka.

David Kimaiyo ndiye Inspekta Jenerali wa kwanza wa polisi Kenya chini ya Katiba ya 2010. Hata mwaka hajamaliza, Septemba 2013 jengo la maduka la Westgate, Nairobi, likavamiwa, watu 67 wakauawa. Mle ndani polisi na wanajeshi hawakuwa na mawasiliano ya pamoja. Wakafyatuliana risasi, afisa wa Recce, kikosi maalum cha polisi, akafa mikononi mwa wenzetu. Mwaka uliofuata yakaja mashambulizi ya Mpeketoni, kisha Kapedo, tukazika askari. Novemba 22, 2014 basi lililotoka Mandera likasimamishwa, abiria 28 wakauawa. Siku kumi baadaye, vibarua 36 wa machimbo ya mawe wakauawa, Mandera hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo Kimaiyo akastaafu mapema, na Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Ole Lenku, akaondolewa.

Joseph Boinnet akaapishwa kushika nafasi ya Kimaiyo, Machi 2015. Aprili 2, Chuo Kikuu cha Garissa kikavamiwa: watu 148 wakauawa. Recce walifika saa nyingi baada ya risasi ya kwanza. Mkubwa alikuwa mpya. Safari ya taarifa kutoka chini hadi juu, na ya amri kutoka juu hadi chini, ilikuwa ile ile ya zamani.

Hapo ndipo mnapoingia nyinyi. Nikiwa konstebo, mzee mmoja wa kijiji alikuja kaunta jioni, kofia mkononi, akaniambia kuna vijana wanne wageni wamenunua mkate mwingi kuliko watu wanne wanavyoweza kula. Nikampigia bosi simu. "Nimesikia," akasema. Sikuandika popote, kitabu cha OB kilikuwa mbele yangu, kalamu haikuwepo, na zamu ilikuwa inaisha. Usiku wa pili boma la mzee huyo likavamiwa, ng'ombe wote wakaswagwa.

Kwenye uchunguzi bosi akasema hakuambiwa chochote. Nikaulizwa swali moja tu: "Uliandika wapi?" Nilikula adhabu ya uhamisho, na bado naona nilistahili nusu yake. (Nusu ya bosi haikuwahi kudaiwa.)

Basi mtu akikuletea neno, hata la mkate, andika saa, jina lake, uliyempigia na alichojibu. Halafu mpigie tena asubuhi, uandike na hiyo. Kalamu jinunulie, ya kituoni huwa imefungwa kamba, na kamba ndiyo hubaki.