Taya kulia na shingo kukaza: ndiyo, vinahusiana

Pole sana dada. Umeuliza kama taya linalolia "ko" ukipiga mwayo lina uhusiano na shingo isiyogeuka vizuri upande wa kushoto. Mara nyingi linao. Neva za pingili 3 za juu za shingo na neva kubwa ya uso hupeleka taarifa sehemu moja kwenye shina la ubongo, ndiyo maana maumivu ya shingo huweza kusikika kwenye taya.

Jaribu sasa hivi: kaa wima, gonganisha meno taratibu. Kisha peleka kichwa mbele kama unavyochungulia simu, gonganisha tena. Utasikia yanakutana mahali tofauti.

Mimi ni fundi cherehani, nainama kutwa. Mdomo ulikuwa unapokea vidole 2 tu vilivyopangwa wima. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi ya shingo kwa mtaalamu wa fiziotherapia, vikaingia 3. Daktari wa meno naye akague kama unasaga meno usiku.

Ila tafadhali, shingo usikubali ivunjwe "kwaa" mtaani. Na mkono ukifa ganzi, au taya likiuma pamoja na kifua, nenda hospitali mara moja.