Usinunue mbolea bado, chimba kwanza

Ndugu yangu wa Kisauni, umesema michungwa yako inadumaa ikifika kiunoni, na jembe likishuka kidogo linadunda. Ngoja mvua ikatike siku mbili, chukua nondo nyembamba uisukume kwa mikono sehemu kumi hivi. Ikigoma kina kilekile kila mahali, hapo kuna tabaka gumu chini ya udongo. Usipime wakati wa kiangazi. Udongo ukikauka wote ni mgumu, utajidanganya bure.

Kisha chimba shimo kando ya mchungwa mmoja utazame mizizi. Pale inapopinda na kutambaa kando kama inayotafuta mlango, ndipo. Toa bonge la hapo, likauke kabisa, ulitumbukize kwenye glasi ya maji. Likimomonyoka, ni udongo ulioshindiliwa tu. Likikaa vilevile, kuna kitu kimeligandisha. Likwangue kidogo, kamulia ndimu kwenye ule unga. Ukitoa povu hiyo ni chokaa, na kwa Mombasa yetu huenda umefika kwenye jiwe la matumbawe. Jiwe hilo, jembe haliliwezi, labda mtaimbo na vijana wawili.

Ukitaka namba ya jinsi udongo ulivyoshindiliwa, kata mkebe matako yote mawili, uzamishe kwenye tabaka lile ujae bila kushindilia, kausha udongo wake kwenye oveni, pima. Gramu gawa kwa mililita za mkebe. Mchanga ukipita 1.8 mizizi haina njia. Mfinyanzi hukwamisha mapema, karibu 1.5.