Leza ya darubini inalenga nini angani?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeona picha ya darubini kubwa kule Chile ikirusha miale minne ya rangi ya machungwa angani. Je, inapima umbali wa nyota?

Jibu: Nzuri, na asante kwa swali. Hapana, haipimi nyota. Nyota iliyo jirani zaidi baada ya Jua iko mbali mno. Hata mwanga ungeakisiwa huko, tungeusubiri zaidi ya miaka 8. Kinachopimwa ni hewa iliyo juu ya darubini yenyewe.

Uliyoiona ni Yepun, mojawapo ya darubini nne kubwa za VLT, kituo cha kuchunguza anga kilicho kwenye mlima Paranal huko Chile. Hewa ya joto na ya baridi zikichanganyika, hupindapinda mwanga, ndiyo maana nyota humetameta. Kwa mtazamaji inapendeza. Kwa mwanafalaki picha imeharibika. Dawa yake ni kioo chembamba kinachobadilishwa umbo hadi mara 1,000 kwa sekunde ili kufuta mpindo huo. Ila kompyuta haiwezi kukiongoza bila nyota angavu ya kuitazama, tena iwe karibu na kile kinachochunguzwa. Nyota za namna hiyo ni chache.

Basi wanaitengeneza yao. Kwenye kimo cha kilomita 90 hivi kuna tabaka la atomi za sodiamu zilizoachwa na vimondo vinavyoungua. Leza ya rangi ya machungwa (urefu wa wimbi nanomita 589), wati 22 kwa kila mwale, huziamsha zing'ae, na darubini huona nukta kama nyota. Miale yote minne inafanya kazi tangu 2016. Bado nyota halisi inahitajika, japo hafifu: mwale hupindwa ukipanda na ukishuka, hivyo hauwezi kuonyesha picha nzima imesogea upande gani.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba watafiti wa angahewa hutumia sodiamu hiyohiyo. Hutuma mapigo mafupi ya leza, na muda wa mwanga kurudi huwapa kimo. Mabadiliko madogo ya rangi yake huwaambia kasi ya upepo na halijoto, mahali ambapo puto hazifiki na setilaiti haziwezi kudumu.

Chini zaidi, mwanga hurudishwa na molekuli za hewa, vumbi na mawingu. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Aeolus, iliyorushwa Agosti 2018, ilipima upepo hivyo kwa leza ya urujuanimno hadi 2023. Vituo vya hali ya hewa viliingiza vipimo vyake katika utabiri, na faida ilionekana sana kwenye tropiki, ambako vituo vya kurushia puto ni vichache.